Chupa ya kuoteshea pojo na maneno "tayari kuliwa mbichi"

Mwezi mmoja na nusu uliopita nilinunua, katika duka moja la vyakula vya afya hapa Mombasa, seti ya kuoteshea mbegu nyumbani: chupa mbili za kioo za lita moja zenye midomo mipana, vifuniko viwili vya wavu wa chuma kisichoshika kutu, kibao cha kuziegemezea chupa zikiwa zimeinama ili maji yachuruzike, na pakiti tatu za mbegu, yaani pojo, uwatu na alfalfa. Nililipa shilingi 2,850. Nimeitumia karibu kila wiki tangu siku hiyo, na tathmini hii inahusu vitu viwili ambavyo muuzaji aliviweka katika boksi moja ingawa havistahili alama moja: chombo chenyewe, ambacho ni kizuri, na mbegu pamoja na karatasi ya maelezo, ambazo zina upungufu unaoweza kumlaza mtu hospitalini.

Pojo zilizomea si jambo geni kwetu. Aliyekulia Makadara, Bondeni au Mji wa Kale akiwa na majirani wa Kigujarati amewahi kuletewa bakuli la pojo zilizoota mikia mifupi, zimekaangwa kidogo kwa haradali, bizari na ndimu. Bibi yangu naye alikuwa akizifunga pojo zilizorowekwa ndani ya kipande cha bafta, akakitundika jikoni usiku kucha, na asubuhi ya pili zikawa tayari kutiwa katika tui la nazi. Lakini bibi hakuzila mbichi hata siku moja, wala majirani zetu hawakuzila hivyo nilivyowaona. Kila mara zilipitia motoni, kwa hivyo suala la kutakasa mbegu, yaani kuziondolea viini vya maradhi, halikuwahi kuzuka katika jiko lile. Limezuka sasa kwa kuwa seti hizi zinauzwa pamoja na picha za saladi mbichi na mikate iliyojazwa alfalfa, na muuzaji anatarajia mnunuzi aitoe chupani na kuitia mdomoni.

Nianze na chupa, kwa kuwa sifa zake hazihitaji maneno mengi. Kioo ni kizito na mdomo unapitisha mkono mzima, jambo ambalo mtu haliwazii dukani lakini hulithamini anapotaka kusugua chini kabisa. Matundu ya wavu ni madogo kiasi cha kuizuia mbegu ya alfalfa, ambayo ni ndogo sana, na hata hivyo maji hupita bila kusita. Pete inayobana wavu ilianza kuonyesha madoa ya kutu katika wiki ya tatu, ingawa wavu wenyewe haujabadilika rangi. Kwa mtu anayeishi karibu na bahari hilo si la kushangaza, ila kwa bei hii ningetarajia pete na wavu viwe vya chuma kimoja. Kibao cha kuegemezea kina mwinamo mdogo mno, maji kidogo hubaki shingoni mwa chupa, na maji yaliyotuama ndiyo adui wa kwanza wa kazi hii. Nimetia kipande cha kigae chini ya miguu ya nyuma na tatizo limekwisha.

Karatasi ya maelezo ni habari nyingine. Ina mistari minane ya Kiingereza, na kiini chake ni kwamba uroweke mbegu kwa saa nane hadi kumi na mbili, usuuze asubuhi na jioni, na ule kuanzia siku ya tano. Juu ya kila pakiti pameandikwa kwamba mbegu zimesafishwa na ziko tayari kuoteshwa na kuliwa mbichi. Nilimuuliza kijana aliyekuwa kaunta zimesafishwa kwa kitu gani, naye akanijibu kwa adabu zote, "Mama, hizi zimetolewa mawe na vumbi kiwandani, hutapata taabu ya kupepeta." Nilipomuuliza kuhusu viini vya maradhi alicheka kidogo: "Hayo mama sitakudanganya, siyajui. Wateja wanarudi kununua tu." Ninamshukuru kwa ukweli wake, maana ndiye aliyenifumbua macho kwamba neno "safi" kwenye pakiti ile lina maana ileile linayokuwa nayo kwenye gunia la mchele.

Mbegu kavu ni zao la shambani. Imepitia udongo, samadi, maji ya kunyweshea ambayo huenda wanyama wameyavuka, panya wa ghala na ndege waliotua juu ya uanikio. Bakteria wa Salmonella au wa aina hatari za E. coli wakishikamana na ganda lake hawahitaji kuzaana ili wasalie. Hukaa kimya katika nyufa ndogo za ganda kwa miezi mingi, mbegu ikiwa kavu, bila harufu wala doa. Balaa huanza tunapoamua kuziotesha. Tunaziroweka, tunaziweka mahali penye joto, tunahakikisha unyevu haukatiki, na mbegu inayochipua inavujisha sukari na protini ndani ya maji hayo. Mtu aliyetaka kufuga bakteria asingeandaa mazingira tofauti na haya. Bakteria wachache kwa kila gramu ya mbegu wanaweza kufikia mamilioni kwa gramu katika muda wa siku mbili tatu, na wengine huingia ndani ya shina changa lenyewe, kwa hivyo kuliosha chipukizi lililokwisha kukua, hata kwa maji mengi kiasi gani, hakurudishi usalama uliopotea mwanzoni. Hii ndiyo sababu chipukizi haliwezi kufananishwa na figili au mchicha uliooshwa vizuri.

Haya si ya kinadharia. Mwaka 1973 nchini Marekani watu waliugua kutokana na bakteria wa Bacillus cereus katika machipukizi ya soya, haradali na mbegu nyinginezo, na machipukizi hayo yalikuwa yameoteshwa kwa seti ya nyumbani, kama hii yangu. Mwaka 1996 katika mji wa Sakai, Japani, maelfu ya watoto wa shule waliugua E. coli aina ya O157:H7, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye machipukizi ya figili nyeupe. Lakini mkasa unaopaswa kumgusa mtu wa Pwani zaidi ni ule wa Ujerumani wa mwaka 2011, ambako aina nyingine ya bakteria huyo, O104:H4, iliwafanya watu zaidi ya 3,800 waugue na kuwaua zaidi ya 50, wengi wakiwa wameharibiwa figo. Mwanzoni walilaumiwa wakulima wa matango wa Hispania, mazao yao yakatupwa bure. Baadaye ilibainika kwamba chanzo kilikuwa machipukizi kutoka shamba moja la kaskazini mwa Ujerumani, na nyuma yake shehena ya uwatu ulioagizwa kutoka Misri. Naam, uwatu huuhuu unaopimwa kwa vijiko katika maduka ya viungo ya Marikiti, ambao mama zetu humpa mzazi ili maziwa yatoke. Na asidhani mtu kwamba hatari ilikuwa kwa mashamba makubwa tu: mwezi Juni mwaka huohuo, karibu na Bordeaux nchini Ufaransa, waliugua watu waliokula vyakula vilivyopambwa kwa machipukizi machache yaliyooteshwa kutokana na pakiti ndogo za mbegu zilizonunuliwa dukani.

Baada ya kuyajua hayo niliiweka karatasi ya muuzaji kando, nikafuata njia ya kutakasa mbegu ambayo wataalamu wa usalama wa chakula wa Chuo Kikuu cha California wanawashauri wanaootesha nyumbani. Nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo ilipaswa kuwa katika boksi na haimo.

Kinachohitajika ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, kipimajoto cha jikoni na chujio dogo la waya. Peroksaidi inapatikana katika duka lolote la dawa kwa ajili ya kuoshea vidonda, ila lebo zake humchanganya mnunuzi kwa kuwa nyingi haziandiki asilimia bali ujazo: ujazo 10 ndiyo asilimia 3, na ujazo 20 ni asilimia 6. Mimi nilipewa ya ujazo 20, nikaichanganya na maji yaliyochemshwa na kupozwa, nusu kwa nusu, ikawa ya asilimia 3. Peroksaidi ya saluni inayotumiwa kubadilishia rangi ya nywele isiguswe kwa kazi hii, hata kama ujazo unalingana, kwa sababu ina mafuta na kemikali nyingine ndani yake. Kipimajoto cha homa nacho hakifai, kwa kuwa huishia nyuzi 42, na hapa tunatafuta nyuzi 60 za Selsiasi. Nilinunua cha kupimia nyama, shilingi 900, katika duka la vyombo, na kabla ya kukitegemea nilikitia ndani ya maji yanayochemka nione kama kitasoma karibu na 100. Kilisoma 99.

Peroksaidi hupashwa moto polepole mpaka ifike nyuzi 60. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, nami sikutaka dawa hii igusane na chuma kisichojulikana, hivyo niliitia katika bakuli la kioo linalostahimili joto, nikaliketisha ndani ya sufuria ya maji ya moto juu ya jiko la gesi, madirisha yakiwa wazi. Ikishafika nyuzi 60, mbegu zikiwa ndani ya chujio huzamishwa humo kwa dakika tano, na kila dakika moja chujio hutikiswa ili dawa ifike kila upande. Joto likishuka chini ya hapo dawa hupungua nguvu, na likipanda sana mbegu hufa, kwa hivyo dakika hizo tano mtu asiitwe mlangoni. Kisha mbegu husuuzwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika moja, na dawa iliyotumika humwagwa. Haihifadhiwi kwa ajili ya fungu lijalo.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu wengi wangeiruka, nami nakiri niliiona kama urembo tu mara ya kwanza. Mbegu zilizosuuzwa hutiwa katika maji yanayozifunika kwa kina cha kidole hivi, zikaachwa zitulie, na kila kitakachoelea, iwe ni mbegu, ganda lililobanduka au uchafu, huondolewa na kutupwa. Mbegu inayoelea mara nyingi imepasuka au imetobolewa na mdudu, na mbegu iliyopasuka ndiyo yenye mifuko ambamo bakteria hujificha dawa isiwafikie. Katika pakiti ya pojo ya muuzaji wangu, ile iliyodaiwa kusafishwa, niliondoa kijiko kizima cha chai cha vitu vilivyoelea kutokana na robo kikombe ya mbegu. Pojo nilizonunua katika soko la Kongowea kwa ajili ya kulinganisha hazikuwa mbaya kuliko hizo.

Wapo watakaouliza kwa nini nisitumie jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo imo katika kila nyumba. Katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kwa wazalishaji wa kibiashara, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitaja kwa mfano klorini ya kiwango cha sehemu 20,000 kwa milioni. Kiwango hicho ni kama mara elfu kumi ya klorini tunayotia katika maji ya kunywa, kwa hiyo anayedondoshea mbegu zake matone mawili ya dawa ya maji anajifariji bure. Kuipata nguvu hiyo kwa jiki ya dukani kungetaka mchanganyiko ambao takriban nusu yake au zaidi ni jiki tupu, na mvuke wake ndani ya jiko dogo la ghorofani si wa kuvumiliwa. Mzalishaji mwenye chumba kipana, glavu na vipimo aifanye. Mimi jiki naitumia kwa chupa na vifuniko tu, ikiwa imezimuliwa na isiyo na manukato, kisha naosha vizuri, na siiweki karibu na peroksaidi wala siki. Siki na maji ya chumvi, ambazo jirani yangu mmoja anaziapia, hazifikii kiwango cha kuaminika, ingawa nakubali kwamba zinaondoa harufu.

Je, dawa haiui mbegu? Nilihofia hilo, nikaotesha chupa mbili sambamba, moja ya pojo zilizotakaswa na nyingine ya pojo zilizosuuzwa tu. Zilizotakaswa zilichelewa kwa saa chache, kisha zikafikia urefu uleule, na sikuona tofauti ya kutajika katika idadi ya zilizokataa kuota. Alfalfa haikuonyesha dalili yoyote ya kuumia. Uwatu ulikuwa na kero yake mwenyewe isiyohusiana na dawa: ukipata maji hutoa ute mzito unaoziba matundu ya wavu, na mbegu huganda kama uji, hivyo kila kusuuza kulihitaji kutia mkono na kukoroga. Ladha yake chungu katika kachumbari naipenda, lakini kwa kazi na kwa historia yake sioni kwa nini muuzaji aliuchagua kwa ajili ya anayeanza.

Karatasi ile imeandikwa, bila shaka, kwa ajili ya nchi ambako jiko lina nyuzi 18 au 20. Jiko langu mchana hufika nyuzi 31, na unyevu wa hewa ya Mombasa haumkaushi hata aliyetoka kuoga. Hapa pojo zilizorowekwa kwa saa sita zimetoa mikia ndani ya usiku mmoja, na baada ya saa thelathini na sita ziko tayari; aliyeziacha mpaka siku ya tano, kama karatasi inavyoagiza, atafungua chupa akutane na harufu ya mtaro. Alfalfa huchukua siku tatu. Kusuuza mara mbili kwa siku hakutoshi katika joto hili, nami husuuza mara nne, alfajiri, adhuhuri, magharibi na kabla ya kulala, na kila mara chupa hurudi kwenye kibao ikiwa imeinama hadi tone la mwisho lidondoke.

Kisha kuna maji yenyewe, ambayo mwandishi wa karatasi hakuyafikiria hata kidogo kwa kuwa kwake mfereji ukifunguliwa maji hutoka na yanafaa kunywewa. Kwetu maji huja kwa zamu, yakaingia katika tangi la juu ambalo halijulikani lilisuguliwa lini, au hununuliwa kwa mitungi ya lita ishirini kutoka kwa wasukuma mikokoteni. Maji ya kisima cha mtaani kwangu yana chumvi inayoonjeka ulimini, na fungu moja la alfalfa nililolisuuza kwayo lilidumaa. Kutakasa mbegu kwa uangalifu wote huo, kisha kuzisuuza mara nne kwa siku kwa maji ya tangi, ni kuzipaka upya kile ulichokiondoa. Nimejizoesha kuchemsha maji usiku, yanapoa ndani ya jagi lenye kifuniko, na hayo ndiyo ya kusuuzia kesho yake. Gharama ya gesi inaingia hapo, na mwenye kupiga hesabu ya seti hii aitie.

Hata baada ya yote hayo, hakuna njia ya nyumbani inayohakikisha kwamba mbegu zote zimetakasika. Wazalishaji wakubwa wa Marekani wanatakiwa kisheria, zaidi ya kutakasa mbegu, wayapime maji yanayochuruzika kutoka kwenye machipukizi kutafuta Salmonella na E. coli O157:H7 kabla ya kuyapeleka sokoni, na hicho ni kipimo ambacho jiko halina. Wadudu hawa hawaonekani wala hawanuki. Chupa iliyonukia vizuri inaweza kuwa nao, na hiyo ndiyo sababu siwezi kuandika hapa kwamba machipukizi yangu yalikuwa salama, bali tu kwamba hayakutuumiza. Ushauri wa mamlaka za afya ni kwamba watoto wadogo, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu wasile machipukizi mabichi kabisa. Nyumbani kwangu wapo mjukuu wa miaka mitatu na mama mkwe wa miaka themanini, na kwao machipukizi hupita motoni mpaka yachemke kikamilifu, hata yakiwa yametakaswa. Sioni jinsi duka linavyoweza kuuza seti hii kwa maneno "kwa familia yote" bila kuliweka onyo hilo mahali popote.

Kuhusu lishe, boksi linadai kwamba chipukizi lina "vitamini mara kumi". Hesabu ya kweli ni ya kiasi, na haihitaji kutiwa chumvi. Gramu 100 za pojo kavu zina takriban gramu 24 za protini na kalori 347. Gramu 100 za pojo zilizomea zina gramu 3 hivi za protini na kalori 30, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake, kama asilimia 90, imekuwa maji. Anayezila badala ya pojo za tui akidhani anaongeza protini amekosea njia. Faida iko kwingine: vitamini C inafika miligramu 13 hivi kwa gramu 100, asidi ya fitiki ambayo huyazuia madini kama chuma yasifyonzwe hupungua, na zile sukari zinazosababisha tumbo kujaa gesi huanza kuvunjwa mbegu inapoamka. Kupika kunapunguza sehemu ya vitamini C, lakini hakuondoi faida hizo nyingine mbili, na ndimu inayokamuliwa juu ya pojo zilizokaangwa, kama walivyofanya majirani zetu siku zote, huirudisha vitamini hiyo mezani. Kwa hiyo anayezipika hapotezi kiasi kikubwa kama boksi linavyomtisha.

Mambo mawili ambayo pia hayamo katika karatasi nitayataja kwa ufupi. Mbegu za kupanda zinazouzwa katika agroveti, zile zilizopakwa rangi ya waridi, ya buluu au ya kijani, zimetiwa dawa ya kuua kuvu na haziliwi kwa namna yoyote. Hakuna kuosha kunakozifanya chakula. Na mtu asijaribu kuotesha maharagwe mekundu kwa ajili ya kuyala mabichi, kwa kuwa yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemshwa vilivyo.

Uhifadhi umenifundisha unyenyekevu. Machipukizi yakishakuwa tayari hukaushwa maji, yakawekwa kwenye friji chini ya nyuzi 5, na kuliwa ndani ya siku mbili au tatu. Stima ilipopotea usiku kucha wiki ya pili nilikuta alfalfa imelainika asubuhi, nikaimwaga yote bila kuionja. Siku hizi naotesha kiasi cha kuliwa siku hiyohiyo, vijiko viwili vya mbegu kwa watu wanne, na friji naitumia kwa dharura.

Tukija kwenye bei, chupa mbili, vifuniko na kibao peke yake ningezilipia shilingi 1,800 bila kunung'unika, na muuzaji alikubali nilipomuuliza baadaye kwamba anaweza kuziuza bila mbegu. Pakiti za kujazia ni shilingi 300 kwa gramu 100, na kwa pesa hizo nilipata zaidi ya kilo moja ya pojo Kongowea, ambazo zilimea vilevile na zilihitaji kutakaswa vilevile. Pakiti hiyo ingekuwa na thamani kama ingeonyesha namba ya shehena, nchi ya asili na namna mbegu zilivyotakaswa au kupimwa, maana hivyo ndivyo uwatu wa Ujerumani ulivyofuatiliwa mpaka ulikotoka. Hii yangu ina jina la duka na tarehe ya mwisho wa matumizi, basi. Kila fungu la kuliwa bichi linanigharimu pia peroksaidi ya kama shilingi 80, gesi, na nusu saa ya kusimama jikoni, na ndiyo maana kati ya mafungu matano ninayootesha sasa, manne ni ya kupika.

Kwa anayetaka kuotesha na kupika, nunua chombo, acha pakiti, na karatasi ile itumie kufungia karanga. Kwa anayetaka kula mbichi, chombo hiki kitamfaa ikiwa yuko tayari kununua kipimajoto na peroksaidi siku hiyohiyo, na ikiwa hakuna mtoto, mzee wala mjamzito atakayechota katika sahani ileile. Nimerudi dukani nikamweleza kijana yule haya kwa utulivu, nikamwachia maelezo ya kutakasa niliyoyaandika kwa mkono, na amesema atamfikishia mwenye duka. Pakiti ya uwatu iliyobaki nimeitoa katika kabati la kuoteshea na kuimimina ndani ya kopo la viungo, ambamo itatoka kijiko kwa kijiko kwenda katika mchuzi unaochemka.